Kibuyu Kilichofukizwa Ubani

Watu wa Mwera wakitaka kumwelekeza mgeni nyumba ya Bi Biasha hawakuhangaika kutaja minazi wala njia panda. Walisema tu, "Fuata harufu ya maziwa." Utani huo Bi Biasha aliupokea kwa kucheka, maana ulikuwa wa kweli na maziwa ndiyo yaliyokuwa yakimlisha. Lakini kila mtu ana neno moja ambalo akichekwa nalo na asiyemzoea huenda nalo mpaka kitandani, na kwa Bi Biasha neno lenyewe lilikuwa hilo hilo la harufu.

Alizaliwa Ng'ambo, mtaa ulio upande wa pili wa Mji Mkongwe. Baba yake alikuwa mchukuzi wa bandarini aliyetoka bara, upande wa Tabora, na mama yake alivuka kumfuata na bunda moja la nguo na kibuyu kimoja cha maziwa. Nguo zilichakaa mwaka ule ule. Kibuyu kiliishi. Ndani yake mlikuwa na mbegu, yaani yale maziwa machache yaliyoganda ambayo hubakishwa chini kila mengine yanapomiminwa, ili maziwa mapya yakitiwa juu yake nayo yagande vile vile, yawe mazito yenye ukali kidogo wa kupendeza. Mama yake hakuiacha mbegu ile ife hata siku moja. Alipokosa maziwa ya ng'ombe aliilisha ya mbuzi, na alipokosa ya mbuzi alikwenda kwa majirani na kikombe chake kuomba, bila ya haya. Alipokaribia kufa alimkabidhi Biasha kibuyu pamoja na masharti mawili: kisiingie sabuni, na kisiingie manukato.

"Hiki kinataka moshi wa kuni tu," alimwambia. "Hiki hakiendi arusini."

Utengenezaji wa jibini aliupata kwingine. Tangu usichana wake alifanya kazi ya jikoni mjini, mtaa wa Vuga, kwa familia moja ya Kigoa, na mama wa nyumba ile alikuwa hali mkate wake bila jibini aliyoikamua kwa mikono yake mwenyewe. Biasha alitazama mpaka akajua. Baada ya mapinduzi Wagoa wale walifunga masanduku wakaenda zao, naye akarudi Ng'ambo na ujuzi usiokuwa na pa kutumika. Mwaka wa sitini na sita, akiwa tayari mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume, akapewa eka tatu zake Mwera kama wengine walivyopewa. Wenziwe walipanda muhogo na ndizi wakatosheka. Yeye alipanda muhogo na ndizi, kisha akafuga ng'ombe wawili, akakishusha kibuyu cha mama yake kutoka ukutani, mbegu yake ingali hai, akaoanisha maarifa ya Tabora na ya Vuga.

Mambo yake yalikuwa rahisi kuyaona, magumu kuyafanya. Jioni alitia mbegu kidogo katika chungu cha maziwa, akafunika. Asubuhi yalikuwa yameganda. Aliyaweka juu ya makaa machache, moto wa kubembeleza, mpaka maziwa yakajitenga na maji yake, akayamimina kwenye kifumbu, kile kile cha kuchujia tui la nazi, akatia chumvi, akakandamiza kwa jiwe. Jibini ilitoka na alama za ukili mgongoni. Redio ilikuwa ikiwahimiza watu kila siku wajitegemee. Bi Biasha alikuwa akijitegemea kabla hajawa na redio. Na kadiri jibini ya makopo ilivyozidi kupotea madukani, ndivyo waungwana wa Mji Mkongwe walivyozidi kuijua njia ya Mwera.

Mwanawe, Miraji, aliendesha lori la kuchukulia mazao mashamba ya kusini. Huko kusini, Makunduchi, ndiko alikompata Wanu, na mwaka wa sitini na tisa akamwoa akamleta Mwera kwa mama yake. Wanu alikuwa msichana mrefu, mkimya, mwenye vidole virefu vilivyotulia. Akikasirika alisema Kimakunduchi, na kwa kuwa hapana Mwera aliyekijua, hapana aliyepata kujua kama amekasirika. Bi Biasha alimpenda. Walipokuwa wakikamua pamoja alfajiri, mmoja ng'ombe huyu na mwengine yule, moyoni alikuwa akisema kwamba sasa ana binti. Alimfundisha yote. Mkaza mwana yule alishika upesi hata akawa yeye ndiye mwenye kumimina maziwa ya jioni juu ya mbegu, na sikukuu ya Idi, alipokwenda kwao kusalimia, aliomba mbegu kidogo ampelekee mama yake. Bi Biasha alimtilia ndani ya kichupa, akafurahi kama aliyeombwa kanga yake ya mwilini.

Sasa tuje kwenye ile siku ya Shangani, huko Mji Mkongwe, maana ndipo ubaya ulipoanzia.

Kulikuwa na bibi mmoja huko, mke wa bwana mwenye cheo, aliyekuwa akichukua jibini kila wiki. Siku hiyo, mwanzoni mwa mwaka wa sabini, Bi Biasha alimkuta ghorofani na mashoga zake, halua katikati, kahawa inazunguka. Yule bibi akamkaribisha vizuri, akaikata jibini, akaonja, akafumba macho.

"Bi Biasha, jibini yako mimi naipenda, Mungu anajua," alisema. "Lakini, usikasirike mwenzangu, inanuka zizi."

Mmoja wa mashoga akajiziba pua kwa ncha ya mtandio, na wote wakacheka. Bi Biasha naye akacheka. Angefanya nini?

"Arusi ya mwanangu wiki ijayo," bibi aliendelea. "Nnataka sita kubwa. Lakini hiyo harufu uifanyie mpango."

Njia nzima ya kurudi Mwera Bi Biasha alikuwa akijinusa. Alinusa viganja, alinusa kanga, alinusa kikapu. Miaka hamsini na mbili alikuwa nayo, na alikuwa akijinusa barabarani kama aliyekanyaga kitu. Usiku ule Wanu alimwekea chakula akasema ameshiba.

Wazo lilimjia asubuhi, na lilimjia kwa sura nzuri. Kule mjini, hata kikombe cha maji ya kunywa hufukizwa ubani kabla hakijatiwa maji, na mtu akinywa husifu. Mtungi hufukizwa. Nguo hufukizwa, nywele hufukizwa, mtoto mchanga hufukizwa. Ikiwa maji yanapendeza kwa ubani, alijiuliza, maziwa yana kosa gani? Sauti ya mama yake ilimjia ikimwambia hiki hakiendi arusini, naye akaijibu kwa hasira kuwa safari hii kinakwenda.

Alingoja Wanu aende kukata majani ya ng'ombe. Akaimimina mbegu kwenye bakuli, akatoa chetezo chake cha tangu arusini kwake, akatia makaa, akatia ubani, akakifudikiza kibuyu juu ya moshi mpaka ukatokeza pembeni. Kisha akairudisha mbegu ndani. Kesho yake maziwa yalichelewa kuganda, yakaganda mchana. Alama hiyo ingemtosha mtu mwenye akili zake, na Bi Biasha alikuwa na akili zake. Siku hiyo tu hakuzitaka. Alikinusa kibuyu, akasikia harufu ya Shangani, moyo ukamtulia. Akafukiza tena. Siku ya tatu maziwa yalitoka mepesi, nusu maziwa nusu maji, na siku hiyo ndiyo aliyotia ubani mwingi kuliko zote. Kila mara Wanu alikuwa majanini, na kila mara chetezo kilirudi uvunguni kabla hajarejea.

Jioni ya nne walikusanya maziwa ya jibini sita. Ng'ombe wao wawili hawakutosha, ikabidi waombe kwa majirani, na aliyetoa mengi alikuwa Bi Tabia wa nyumba ya pili, mwanamke mwenye ng'ombe mmoja na ulimi wa watu watatu. Wanu akatia mbegu, akamimina maziwa chungu kizima, akafunika.

Asubuhi Bi Biasha alifunua, na harufu iliyompanda puani ilikuwa ya uozo hasa; zizi lilikuwa na heri. Juu palikuwa na povu, chini maji ya kijivu. Hakuna kilichoganda. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibuyu, akaingiza kidole, akalamba. Uchungu wa ubani ulimkaa ulimini. Akajua. Palepale, amesimama na kidole mdomoni, alijua kila kitu: mbegu iliyovuka bahari, iliyomzika mama yake, ameiua yeye kwa mikono yake, na kwa sababu ya kicheko cha wanawake asiowajua hata majina.

Kama angekaa peke yake hata nusu saa, pengine angelia, na pengine kilio kingemfungua mdomo. Lakini Bi Tabia alikuwa ameshaingia uani kuja kutazama maziwa yake, na nyuma yake wengine wawili.

"Makubwa haya!" Bi Tabia alishika kichwa. "Nani alimimina jana?"

"Mimi," alisema Wanu.

Bi Tabia alimtazama kuanzia unyayoni. Kuna imani moja, na wengi wetu tumekulia ndani yake, kwamba wako watu wenye mkono mbaya: akigusa achari huota ukungu, akigusa hamira unga haufuri. Na husemwa pia, kwa sauti ya chini, kuwa mwanamke akiwa katika siku zake hafai kushika maziwa. Bi Tabia hakuwa mtu wa sauti ya chini.

"Mwanangu, kuna siku mwanamke haendi kwenye chungu. Kwenu hukufundishwa?"

Wanu alitazama chini, kisha akainua macho akamtazama mama mkwe wake. Akamtazama kwa utulivu, wala hakuwa kama mtu aliyeshitakiwa. Alikuwa kama mtu anayengoja kupokea kitu. Bi Biasha aliyaona macho hayo vizuri, na miaka iliyofuata aliyaona vizuri zaidi.

"Au ni mkono wake tu?" aliuliza mmoja wa wale wawili. "Wewe waonaje, Bi Biasha?"

"Mungu ndiye ajuaye," alisema Bi Biasha.

Neno hilo halina ubaya wowote. Husemwa kila siku, na watu wema, na kwa nia njema. Lakini asubuhi ile kila aliyekuwa uani alilisikia kama hukumu, na Bi Biasha alijua wamelisikia hivyo, na hakuongeza jingine.

Walipoondoka, Wanu alisema taratibu, "Mama, ile mbegu uliyonipa nikampelekea mama, bado hai. Nende nkaichukue?"

Bi Biasha alihisi damu ikimpanda usoni. Mbegu hai kutoka Makunduchi! Watu wangeuliza mkono unaoua umeibebaje mpaka kule ikafika salama, na wakishauliza hilo wangeuliza mengine.

"Haina haja," alisema. "Tupumzike na mambo ya jibini."

Akapeleka habari Shangani kuwa ng'ombe wanaumwa. Kibuyu akakitundika ukutani, kitupu.

Ndivyo ilivyokuwa. Kisha kuanzia hapo Bi Biasha alikaa akatazama. Hilo lilimtafuna kuliko uongo wenyewe, maana uongo aliusema mara moja, na kutazama alitazama kila siku. Kwenye arusi ya jirani Wanu alinyoosha mkono kwenye beseni la unga, na mtu akalivuta beseni. Alilivuta tu, kama kwa bahati mbaya. Kwenye hitima walimpa kazi ya kuchochea kuni, na hitima iliyofuata hata kuni wakampa mwengine. Wanu akajifunza kukaa mkekani mikono juu ya mapaja, mchana kutwa, katikati ya wanawake waliojaa unga mpaka viwikoni. Miraji akaanza kutaniwa kwenye malori kwamba mkewe anaua maziwa, naye ajihadhari. Mwanzo alicheka nao. Halafu akaacha kucheka, na nyumbani akaacha kuzungumza.

Bi Biasha alikuwa mwema mno siku hizo. Alimnunulia Wanu doti ya kanga, alimwekea kichwa cha samaki, alimwamkia kabla hajaamkiwa. Alimpa kila kitu isipokuwa lile neno moja. Alipokuwa akiswali alirefusha sijda, akaomba Mungu awafanye watu wasahau. Hakuthubutu kuomba zaidi ya hapo, maana alijua jibu la ombi jingine liko kinywani mwake mwenyewe.

Mwezi wa saba ukafika, na Makunduchi wakajiandaa kuoga Mwaka, sikukuu yao ya mwaka mpya. Wanu akaomba ruhusa kwenda kwao, ambako siku hiyo hapana mtu anayetaka kuikosa. Alifunga kanga zake zote. Mtu anayekwenda kutembea siku mbili hafungi kanga zote, Bi Biasha aliliona bunda, na alichosema kilikuwa, "Nisalimie mama yako."

Wiki ikapita. Mwezi ukapita, na wa pili ukaanza.

Jioni moja Miraji alikaa kwenye baraza ya nyuma, hakugusa chai yake.

"Mama, nnataka kumwandikia Wanu."

"Kumwandikia nini?"

"Talaka. Nshachoka. Hataki kurudi, na watu hawatupumzishi. Bi Tabia anasema ana mtoto wa dada yake, hana kasoro."

Bi Biasha aliweka kikombe chini. Miezi yote ile alikuwa akijidanganya kwamba jambo lile ni la maziwa, na maziwa yamekwisha mwagwa. Sasa alikuwa akisikia mwanawe akitaka kumtupa mke mwema, mbele yake, kwa kosa lake yeye. Alifungua mdomo amwambie. Alichoweza kusema ni, "Usiandike. Ningoje mpaka kesho jioni."

Alfajiri alipanda gari la Makunduchi. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, akianzia mbali, kwa mama yake na Tabora na yule bibi wa Shangani, ili akifika kwenye ubani uonekane mdogo. Alifika akakuta uani kwa Bi Mwanamwema, mama yake Wanu, wanawake watatu wamekaa na vikopo vyao, na Wanu katikati yao, kibuyu magotini, akimiminia kila mmoja kijiko cha mbegu, vidole vyake virefu vimetulia vile vile. Maziwa yalikuwa mazito, meupe, yanang'aa. Bi Biasha aliyatambua kama mtu atambuavyo uso wa nduguye. Ile ilikuwa mbegu ya mama yake. Mkono uliosemwa kuwa unaua ndio ulioihifadhi.

"Shikamoo, mama," Wanu aliinuka.

"Marahaba."

Hakukalia hata mkeka aliotandikiwa. Maneno yote aliyoyapanga yalimtoka, likabaki moja.

"Nlikifukiza ubani," alisema. "Kibuyu. Siku tatu. Mbegu niliiua mimi."

Bi Mwanamwema aliyekuwa akichambua dagaa aliacha. Alimtazama mgeni wake muda, akasimama, akaingia ndani. Baadaye alitoka na sahani ya muhogo na samaki akamwekea, maana mgeni ni mgeni, lakini hakumtazama tena usoni, na siku ile hakumsemesha tena. Wale wenye vikopo walijikusanya wakaondoka mmoja mmoja.

"Nnajua," alisema Wanu.

"Unajua?"

"Nlikinusa asubuhi ile ile, kabla Bi Tabia hajaja. Kibuyu kizima kilikuwa ubani mtupu."

Bi Biasha alikaa sasa, bila kutaka. "Na usiseme kitu, mwanangu?"

"Ningesemaje mbele za watu, mama? Wewe ndiye mama wa nyumba. Nlikuwa nakungoja useme mwenyewe." Aliuziba mdomo wa kibuyu kwa kizibo chake cha kumbi, polepole. "Nkakungoja mpaka Mwaka."

Kulia Bi Biasha alilia, na haikuwa kulia kwa kupendeza. Alimwambia rudi nyumbani, rudi mwanangu, nyumba haikaliki. Wanu alimngoja amalize.

"Mimi ushaniambia," alisema, "na mimi nlikuwa nnajua. Kawaambie wasiojua."

Bi Biasha aliondoka bila ya kuomba hata kijiko cha mbegu. Alikitazama kibuyu mlangoni, akaona haya.

Jioni ile alimwambia Miraji, kavu kavu, bila kuzungusha.

"Miezi minane, mama," alisema Miraji. Kisha akasema, "Na mimi nikacheka nao." Hilo la pili lilimuuma zaidi, ilionekana. Hakula chakula cha mama yake usiku ule wala kesho yake, na keshokutwa alikuwa ameshakwenda Makunduchi.

Wasiojua walikuwa wamebaki. Alhamisi ilikuwa hitima ya baba yake Bi Tabia, na unga wa maandazi ulikuwa umepatikana kwa foleni ya siku mbili, kwa hiyo kila mwanamke wa Mwera alikuwa uani akiulinda kwa macho. Bi Biasha aliingia, akatoa salamu, akabaki amesimama. Akaifumbata mikono ndani ya kanga.

"Nna neno," alisema. "Yale maziwa ya mwanzo wa mwaka, hayakuuliwa na Wanu. Wanu hana mkono mbaya wala hakuwa na siku zozote. Nlikifukiza kibuyu ubani, mimi, kwa kutaka jibini inukie. Nlijua tangu asubuhi ile. Mliponiuliza nkawajibu Mungu ndiye ajuaye, na mimi pia nlikuwa nnajua."

Mtoto mmoja alicheka asichokijua, akapigwa kikumbo.

"Kumbe maziwa yangu uliyaua wewe!" alisema Bi Tabia, maana yeye hakuwa mtu wa kusahau kilicho chake. Kisha, baada ya kufikiri kidogo, "Na mimi nkamtukana mtoto wa watu uani kwako, unanitazama tu. Hata aibu huna, Biasha?"

"Nnayo," alisema Bi Biasha.

Alikaa penye nafasi, akakunja mikono ya gauni, akanyoosha mkono kwenye beseni la unga lililokuwa karibu. Bi Tabia akalivuta beseni. Alilivuta taratibu, mpaka likafika kwa mwengine.

Bi Biasha aliirudisha mikono akaiweka juu ya mapaja. Hitima ilianza alasiri, ikamalizika karibu na magharibi. Maandazi yalisukumwa, yakakatwa, yakatiwa mafutani, na yeye alikaa pale mikono mitupu akiona urefu wa mchana mmoja. Alijaribu kuhesabu Wanu alikaa hivi michana mingapi, akashindwa, maana mingine hakuwapo, na mingine alikuwapo akigeuza uso.

Miraji hakumrudisha mkewe Mwera. Alijenga chumba Makunduchi, akahamia huko, na lori likawa linalala huko. Watu walimpa pole Bi Biasha, na wengine walimwona ameadhibiwa kupita kiasi. Yeye hakusema hivyo hata siku moja. Wanawake wa Mwera baada ya miezi walianza kumwachia beseni tena, kwanza kwa kusahau, kisha kwa mazoea.

Mwaka wa sabini na mbili Wanu alikuja Mwera kwa mara ya kwanza tangu Mwaka ule, na mtoto mgongoni na kibuyu mkononi. Alimwamkia mama mkwe wake, akamkabidhi mtoto, kisha akakitungua ukutani kibuyu cha zamani, akaingiza pua mdomoni mwake akavuta pumzi. Bi Biasha alikuwa amekifukiza kwa moshi wa kuni siku nenda siku rudi, muda wote ule, bila kujua kitatiwa nini. Wanu alinusa tena.

"Hamna kitu, mama," alisema. "Moshi tu." Na akamimina mbegu ndani.

Siku hizi jibini inatoka tena Mwera, na mtu akimwuliza Bi Biasha mbegu yake ameipata wapi, hasemi kwa mama yake. Husema, "Kwa mkaza mwanangu, Makunduchi. Ya mama yangu niliiua mimi." Wateja wengine hudhani ni utani wa kizee. Wanu huja kila baada ya miezi miwili mitatu, huzungumza, hucheka, hula, humwita mama kama zamani. Lakini kabla ya kukaa hukiendea kibuyu kwanza akakinusa. Hasemi kwa nini, na Bi Biasha hajapata kumwuliza. Akisikia gari la Makunduchi limesimama barabarani, hukitungua mwenyewe, akakizibua, akasimama nacho mlangoni akimngoja.